Daftari la Bohari

Wenzetu makarani wajua ya kuwa kuandika daftari la bohari ni kazi idharauliwayo. Lakini iko bohari ambayo daftari lake likikosewa, watu huweza kufa.

Tarehe 29 Aprili 2009 bohari ya mabomu ililipuka katika kambi ya Jeshi la Wananchi huko Mbagala, Dar es Salaam. Kabla ya kutimia miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, yakalipuka mengine Gongo la Mboto, katika mji ule ule. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na mabomu yaliangukia nyumba za raia. Maelfu walikimbia pasipo kujua waendako, na wazazi wakapoteana na watoto wao.

Baruti huzeeka. Dawa itiwayo ndani yake ili itulie hupungua mwaka kwa mwaka, na joto huipunguza upesi zaidi, hata mwisho baruti huweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo kila shehena yapasa iandikwe tarehe yake, ipimwe kwa wakati wake, na iliyochakaa itengwe, iharibiwe na mafundi.

Sisi tulio Ziwani hatuna kinyongo na askari. Tangu Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kwenye ukingo wa Ruvuma kiliposhambuliwa, kila mtu wa pwani hii ajua haja ya ulinzi. Lakini joto la Mtwara halipungui lile la Dar es Salaam, na watu hupenda kujenga karibu na kambi.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, karani wa bohari afundishwe usalama pamoja na askari, wala asihamishwe kabla hajamfundisha ashikaye mahali pake. Pili, mipaka ya kambi iwekewe alama, na kiwanja kisigawiwe mtu ndani ya eneo la hatari; hapo sisi tuandikao hati za viwanja hatuwezi kuikwepa lawama. Tatu, shule na zahanati za jirani zifundishwe njia ya kukimbilia, na kwamba bomu lisilolipuka haliguswi, bali huripotiwa.

Siri za jeshi hatuzitaki. Kila mwanachama afanyaye kazi karibu na kambi na amwulize mkuu wake swali moja tu: mabomu yakilipuka, twende wapi? Asipopata jibu, na aandike barua.