"Itajipanga Yenyewe" Ndiyo Iliua Injini ya Mjomba

Leo najua nitakosana na mafundi kadhaa, na wengine ni marafiki zangu. Sawa tu. Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia kwenye magereji zetu: "Weka tu, tapeti ni za haidroliki, itajipanga yenyewe."

Mjomba wangu ana Range Rover ya zamani, V8 ya lita 3.5. Mwaka jana tukaamua kuiongezea nguvu. Kamshafti ikasagwa upya ili vali zifunguke zaidi. Gasketi za bati za vichwa zikatolewa, zikawekwa za kompoziti, ambazo ni nene zaidi. Pushrodi? Zikarudishwa zilezile za kiwandani. Niliuliza kama hazihitaji kupimwa, nikaambiwa nitulie, hiyo ni kazi ya watu wazima.

Injini ilipowaka ikaanza kugonga ka-ka-ka kama cherehani. Ikishika moto, inazidi. Tukaambiwa tuweke oili nzito. Tukaweka. Tukaambiwa tununue tapeti mpya, zote 16. Mjomba akanunua. Kelele palepale. Siku moja tukipanda kutoka Mai Mahiu, klipu ya ndani ya tapeti moja ikaruka. Tapeti ikaharibika, ikaenda na kamshafti. Fundi akasema, "Hizi gari za Waingereza ndizo hivyo."

Wacha! Waingereza wanaingilia wapi hapo? Ni sisi hatukupima.

Pushrodi ni fimbo tu ya chuma. Kamshafti inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushrodi, pushrodi inainua upande mmoja wa roka, na upande wa pili unabonyeza vali. Kwenye V8 hii roka haina skrubu ya kurekebisha. Kwa hivyo urefu wa pushrodi ndio unaamua ile pistoni ndogo ndani ya tapeti imebonyea kiasi gani vali ikiwa imefungwa. Kipimo kinachotakiwa ni kati ya inchi 0.020 na 0.060, yaani kama nusu milimita hadi moja na nusu. Ndani ya hapo, ndiyo, tapeti hujipanga. Nje ya hapo, unaiombea tu.

Sasa hesabu na mimi. Kusaga kamshafti kunakula mgongo wake, pale pasipo na nundu, kwa hivyo tapeti inashuka. Gasketi nene inainua kichwa, na roka zake zinapanda nacho. Tapeti chini, roka juu, fimbo ni ileile. Nafasi ikabaki tupu, na chuma kikaanza kugonga chuma. Tena injini yenyewe ni ya aluminiamu, inayotanuka kwa joto kuliko fimbo ya chuma. Ndiyo maana kelele ilizidi ikishika moto.

Ungekwangua vichwa, mambo yangegeuka: roka zinashuka, tapeti inabonyea zaidi. Ikizidi mpaka pistoni ndogo ifike chini kabisa, vali haifungi vizuri na mwishowe inaungua. Ukifanya yote mawili, kusaga na kukwangua, nani anajua umeishia wapi? Hakuna, mpaka upime.

Najua jibu lenu: "Wazee walijenga hizi injini miaka yote bila kupima pushrodi." Kweli, na nawaheshimu. Lakini wazee walikuwa wanairudisha injini kwenye vipimo vya kiwanda, na pushrodi ya kiwanda ilitengenezewa vipimo hivyo. Ukishabadilisha injini, hesabu ya kiwanda si yako tena.

Wengine wananitumia video za Marekani za Chevrolet V8, fundi anapaka wino kwenye ncha ya vali aone roka inagusa wapi, kisha anachagua pushrodi. Pale ni sawa, kila roka imekaa kwenye stadi yake na urefu wa fimbo unaihamisha. Kwetu roka zimepangwa kwenye shafti. Pushrodi haiihamishi shafti, na huo wino hautakwambia lolote kuhusu tapeti.

Kupima si uchawi. Maliza kazi zote kwanza. Funga kichwa na gasketi utakayotumia, ukaze kikamilifu. Zungusha injini mpaka tapeti ikae kwenye mgongo wa kamshafti, vali imefungwa. Weka pushrodi ya kupimia, ile inayorefuka kwa nyuzi, uirefushe mpaka isicheze juu na chini lakini bado izunguke kwa vidole. Toa, pima, ongeza kama milimita moja. Rudia kwa vali za kuingiza na za kutoa, kwenye silinda kadhaa za pande zote mbili. Halafu muulize muuzaji urefu wake unapimwa kutoka wapi hadi wapi, maana si wote wanapima namna moja.

Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mjomba alilipa tapeti mara mbili, kamshafti, na gari kulala gereji miezi mitatu. Hakuna aliyemrudishia hata shilingi.

Kwa hivyo fundi akikwambia itajipanga, usibishane naye. Muulize swali moja: "Umepima ngapi?" Kama hana namba, chukua ufunguo wako uende.

Mafundi, comment iko wazi. Lakini mje na namba.