Sitta wa 2008 na Sitta wa 2014

Kila uchaguzi ukikaribia, hapa Kiranjeranje hakosekani mtu barazani wa kusema safari hii jimbo la Kilwa Kusini limpeleke Dodoma mwanasheria, maana kazi ya Bunge ni kutunga sheria. Mimi humjibu kwa jina moja: Samuel Sitta.

Sitta, mbunge wa Urambo, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Spika mwishoni mwa 2005. Alituahidi Bunge la kasi na viwango, na haki yake apewe, tuliliona. Februari 2008 tuko shambani tunapalilia ufuta, redio inaning'inia mtini, Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria mwingine, anasoma ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kesho yake, Februari 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Palizi siku ile haikwenda. Nani alitegemea Bunge lililojaa wabunge wa CCM liibane hivyo Serikali ya CCM?

Miaka sita baadaye Sitta huyohuyo akakalia kiti cha Bunge Maalum la Katiba. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, naye mwanasheria, ilikuwa na mambo yaliyotugusa sisi wa vijijini: mbunge asizidishe vipindi vitatu, waziri asiwe mbunge, na wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha. Wakubwa wakagombania serikali mbili au tatu, Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Oktoba 2, 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, na hayo yetu hayamo. Elimu ya mwenyekiti ilikuwa ileile ya 2008.

Mwanasheria bungeni ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Mizani anaijua, sawa. Muulize anampimia nani.

Sitta alifariki Ujerumani Novemba 7, 2016. Heshima ya Richmond namwachia yote. Ila kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika, na bado tunatawaliwa kwa Katiba ya 1977. Basi mgombea atakayesimamisha gari hapa kwenye barabara ya Lindi, awe wakili au mvuvi, shahada aiweke mfukoni. Atuambie kwanza kama anakubali tuliompa kura tuwe na haki ya kumnyang'anya.