Kelele za kompyuta humnyima mwenye nyumba usingizi

Wahenga walinena kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Nawaheshimu wahenga wetu, lakini sidhani kama waliwahi kulala katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda kikiwa upande huu wa pazia, na upande wa pili kompyuta ya gemu ikivuma kama kinu cha kusagia mahindi.

Mimi nimelala humo. Nilikuwa nimemtembelea dadangu anayeishi Kawangware, sehemu za Congo. Yeye hufanya kazi ya usafi usiku, hurejea asubuhi watu wakienda kazini, na hulala mchana. Mwanawe aliyemaliza Kidato cha Nne alikuwa ameweka akiba ya vibarua kwa miezi mingi, akanunua vipuri kimoja kimoja kule Luthuli Avenue, na kujiundia kompyuta yake ya kwanza. Kijana alikuwa na fahari, na alistahili kuwa nayo.

"Mjomba, hebu ona vile inakimbia," aliniambia.

Niliona, na pia nilisikia. Mamake alikuwa amejifunga leso kichwani ili kuziba masikio. "Nimezoea, kaka," alisema. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kwenye zahanati alikuwa ameambiwa kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Siwezi kudai kwamba ni kompyuta iliyolipandisha, maana sababu ni nyingi. Hata hivyo, alishauriwa apate usingizi wa kutosha, nami nikajiuliza: usingizi huo utatoka wapi?

Msomaji mpendwa, ndiyo maana ukurasa huu wa afya leo unazungumzia vipuri vya kompyuta. Vijana wengi wa Kibera na Kawangware sasa wanajiundia mashine za gemu. Wanapouliza ushauri, huambiwa habari za kasi na nguvu peke yake. Maoni yangu ni kwamba katika nyumba ya chumba kimoja, swali la kwanza liwe: je, mashine hii itamruhusu mwingine alale?

Madhara yake ni yapi?

Tusitie chumvi. Mvumo wa feni za kompyuta hauui sikio. Madhara yake hupitia njia mbili nyingine.

Njia ya kwanza ni usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele isiyokatika ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Hapa Kenya, kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kiwango cha desibeli 35 usiku katika makao ya watu. Kompyuta ya gemu iliyoundwa ovyo hupita viwango hivyo kwa urahisi, na huvipita ikiwa hatua mbili tu kutoka kwenye mto wa mtu. Wataalamu wa usingizi husema mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku, na kijana saa 8 hadi 10. Mtoto anayelala katika mvumo na mwanga wa kiwambo, kisha anaamshwa alfajiri aende shule, hazipati saa hizo. Isitoshe, kule Laini Saba au Gatwekera ukuta mmoja wa mabati au udongo hutenganisha familia mbili, kwa hivyo kelele yako ni ya jirani pia.

Njia ya pili ni hedifoni. Mchezaji akisumbuliwa na mvumo wa mashine yake, hufanya nini? Huvaa hedifoni na kuongeza sauti hadi mvumo usisikike. Hapo ndipo sikio huanza kuumia. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10 tu. Mwaka 2024, jarida la BMJ Public Health lilichapisha tathmini ya tafiti 14 zilizohusu watu zaidi ya 50,000, nayo ilionya kwamba wachezaji wa gemu huenda wakawa katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia au kupata mlio wa kudumu masikioni. Sikio likishaharibika kwa namna hiyo halirudi lilivyokuwa.

Hesabu wati kwanza

Kelele ya kompyuta hutokana hasa na joto. Stima yote inayoingia ndani ya mashine hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima liondolewe na feni. Mashine inayokula wati 400 ni sawa na kuweka hita ndogo ndani ya nyumba ya mabati ambayo tayari imechomwa na jua. Hivyo basi, anayetaka utulivu asianze kwa kutafuta feni za bei ghali. Aanze kwa kupunguza wati.

Kadi ya grafiki ndiyo mlaji mkubwa. Zipo kadi zinazokula wati 200 au zaidi, na zipo zinazotosheka na wati 75 au chini, kama vile matoleo mengi ya GeForce GTX 1650. Hizi ndogo hupata stima yake yote kupitia bodi kuu, bila waya wa ziada. Kwa kandanda na mbio za magari, nazo ndizo gemu zinazopendwa mitaani mwetu, kadi ya namna hiyo inatosha. Wengine hawahitaji kadi kabisa: prosesa kama Ryzen 5 5600G ina uwezo wa picha ndani yake, nayo imepimwa kwa wati 65. Jihadhari na prosesa za wati 125 ambazo muuzaji hukusifia.

Feni nayo ina siri yake. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele yake hupungua kwa takriban desibeli 15, na hiyo ni tofauti kubwa sana kwa sikio. Kwa hiyo feni kubwa ya milimita 120 au 140 inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo ya milimita 80 inayolia kama mbu. Chagua kasha lenye matundu mbele hewa ipite, si lile lililozibwa kwa kioo ili taa zionekane.

Kwa kuhifadhi programu na gemu, nunua diski ya SSD. Haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo haivumi wala haigongi kama diski ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika.

Mwisho ni pawa saplai, lile sanduku linalopokea stima kutoka ukutani. Hapa nakusihi msomaji usibane senti. Mpwa wangu aliuziwa moja nyepesi kama kopo tupu, yenye kibandiko cha wati nyingi. Ilipiga kelele, ikatoa harufu ya kuungua, na siku moja ikazimika na moshi. Alibahatika kwamba alikuwa macho. Katika mitaa ambapo nyumba zimebanana, na stima hupanda na kushuka itakavyo, kipuri hiki ni suala la uhai. Tafuta ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, na yenye uwezo kuzidi mahitaji yako, maana isipolemewa feni yake pia hutulia.

Vumbi la barabara, moshi wa jiko

Mashine iliyokuwa kimya Januari inaweza kupiga kelele kufikia Aprili. Vumbi la vichochoro na masizi ya jiko la makaa huziba vipoza joto, na feni hulazimika kukimbia zaidi. Usiiweke kompyuta sakafuni wala karibu na jiko. Iweke juu ya meza, na chini yake utie kipande cha sponji au mpira ili mtetemo usiingie kwenye mbao. Kila mwezi izime, ichomoe ukutani, uifungue na kuipangusa vumbi kwa brashi laini huku ukiishika feni isizunguke. Vilevile, ndani ya gemu nyingi mna mahali pa kuweka kikomo cha picha kwa sekunde. Kiweke 60, na mashine itaacha kujitesa bure.

Wako watakaosema kwamba utulivu ni anasa ya watu wa Lavington. Sikubaliani nao. Kadi ya wati 75 kwa kawaida ni rahisi kuliko ya wati 200, na tokeni za stima zitadumu zaidi. Hata kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile ziletwazo kutoka ng'ambo, ni mwanzo mzuri kwa sababu nyingi ziliundwa zisisumbue watu kazini. Ila kabla ya kununua, hakikisha kasha lake lina nafasi ya kadi na kwamba pawa saplai yake itaihimili.

Wengine watasema dawa ni kuzipiga gemu marufuku. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa uraibu wa gemu katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, na mzazi anapaswa kuwa macho mtoto akiacha masomo, chakula na marafiki kwa ajili ya gemu. Lakini kijana anayejiundia kompyuta nyumbani kwao anajifunza ufundi, na mamake anajua yuko wapi saa tatu usiku. Sioni kwa nini tumfukuzie kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, ambako sauti ni kubwa zaidi.

Mpwa wangu aliiuza ile kadi kubwa, akanunua ndogo, na pesa zilizosalia zikanunua pawa saplai nzuri na feni mbili za milimita 120. Anakiri kwamba picha hazing'ai kama zamani. Nilipomtembelea dadangu tena, nilimkuta amelala saa tano mchana, leso ikiwa imetundikwa msumarini, na mwanawe akicheza kandanda upande wa pili wa pazia. Ilibidi nimnong'oneze kijana ili nisimwamshe mama.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa senti ya mwisho, fanya jaribio moja. Iwashe mashine usiku, anzisha gemu, kisha ulale kwenye kitanda cha mamako au cha mtoto wako na usikilize. Ukishindwa kulala wewe, usidhani wao wamezoea. Kinga ni bora kuliko tiba.