Kweli Si Hirizi

Barua zilizomiminika baada ya toleo lililopita zimenifanya niiweke kando tahariri niliyokuwa nimekwisha kuiandika. Mtakumbuka tulichapa makala ya muuguzi mmoja kuhusu wagonjwa wa kisukari na wa presha wanaoacha dawa baada ya kuombewa. Makala ile haikumtukana mtu. Ilieleza tu yanayomkuta mtu zamu ya usiku. Lakini wasomaji wengi, wakiwamo wachungaji ninaowaheshimu, wameandika kwamba tumemfungulia adui mlango, kwamba maneno yana nguvu, kwamba kutaja baya ni kuliita. Mmoja amenishauri nijifunike kwa damu ya Yesu kabla sijashika tena kalamu. Ushauri nimeupokea, kalamu nimeishika.

Toleo hili lote basi linazungumzia kweli kama kinga ya Mkristo. Somo la silaha za Mungu sitalirudia hapa. Kila msomaji wetu amekwisha kulisikia, na yule askari wa Kirumi na mkanda wake tumemwona akichorwa ubaoni tangu Shule ya Jumapili. Makala ya kurasa za kati inaueleza mkanda huo vizuri, ngozi yake na vyuma vyake. Anayemtaka askari atamkuta huko.

Kinachonikera ni kwamba tumefundishwa kuiona kweli kama kitu cha kumwambia shetani. Mtu anaamka alfajiri, anafumba macho, anataja mistari, anakiri kwamba ni mzima, tajiri na mshindi, kisha anatoka nyumbani akijihesabu ameshavaa. Kweli imegeuzwa hirizi: maneno yaliyofungwa vizuri, yanayofanya kazi yakitamkwa bila kukosea na kuharibika pale mwenye nayo anapotamka kinyume. Babu zetu waliokwenda kwa waganga wangeitambua mara moja.

Waraka kwa Waefeso haukuanzia sura ya sita, penye silaha hizo. Katika sura ya nne Paulo amekwisha kuwaagiza watu walewale wavue uongo na kuambiana kweli, kila mtu na jirani yake, na sababu anayoitoa ni kwamba wao ni viungo vya mwili mmoja. Mistari miwili baadaye ndipo anapowaonya wasimpe Ibilisi nafasi. Msome kwa mpangilio huo. Nafasi anayoitafuta Ibilisi iko kati ya mtu na jirani yake, pale wanapodanganyana na kuwekeana hasira hadi jua likachwa.

Na silaha zenyewe asili yake haiko kambini. Dirii ya haki na chapeo ya wokovu zimo katika Isaya 59. Mshipi umo katika Isaya 11. Anayezivaa zile za Isaya 59 ni Mungu mwenyewe, na anazivaa kwa sababu mahakama zimeoza, midomo inasema uongo, kweli imeanguka njiani na hakuna anayesimama kuitetea. Mstari wa 15 una neno ambalo sijapata kulisikia kwenye mkutano wa injili: katika mji wa namna hiyo, anayeacha uovu anageuka mawindo. Paulo aliyajua haya. Alikuwa kifungoni alipoandika, na mara tu anapomaliza kuorodhesha silaha anaomba aombewe apate ujasiri wa kusema. Minyororo hata hakuitaja kama jambo la kuombewa iondolewe. Hapo ndipo ninapoachana na wote wanaoahidi kwamba anayeishi katika kweli halogwi, hafukuzwi kazi wala hapati ajali.

Chukueni kipindi cha ushuhuda, ambacho nimekiona mara nyingi na katika makanisa ya kila aina. Wanaotaka kushuhudia wanapanga foleni pembeni ya jukwaa. Mhudumu mwenye kitambulisho shingoni anapita akiwauliza kwa sauti ya chini: ulikuwa unaumwa nini, sasa ukoje. Aliyejibu vizuri anasogezwa mbele. Anayesema amepata nafuu kidogo anaambiwa, “Mama, usiseme nafuu, sema umepona; usimpe shetani utukufu.” Mpiga kinanda anashusha muziki. Maiki anaishika mhudumu mwenyewe, ili ikibidi aiondoe. Mama anasema Bwana asifiwe, anasema amepona, kanisa linalipuka kwa vigelegele. Wiki chache baadaye mguu umevimba tena, na mama yuleyule hana pa kupanga foleni, maana foleni ya waliorudiwa na ugonjwa haipo. Anakaa viti vya nyuma. Akiulizwa hali anajibu kwamba ni mzima kwa jina la Yesu. Waliomuuliza wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Nionyesheni mahali ambapo Ibilisi amepewa nafasi kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 2011 wakubwa kwa wadogo walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliotangaza kupona walisikika nchi nzima. Waliokatiza dawa za kufubaza virusi hawakuitwa redioni kueleza yaliyowapata. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Tumezoea kulitaja jambo hilo kama wazimu wa mtu mmoja, jambo linalotustarehesha sana sisi wengine. Mimi nauliza swali dogo zaidi: katika kusanyiko lako, mtu akisimama leo na kusema mchungaji amekosea, atafika mlangoni akiwa bado anaitwa ndugu?

Jibu tunalolipata siku zote ni kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Daudi ndiye mwalimu wa msemo huo, basi na tumfuate Daudi mpaka mwisho. Alikataa kumgusa Sauli pangoni. Kisha akatoka nje, akamwita kwa sauti, akamweleza kosa lake mbele ya askari 3,000. Na Daudi alipokuwa yeye ndiye mpakwa mafuta, Nathani alimwendea akamwambia usoni kwamba mtu yule ni yeye. Anayetaka kinga ya Sauli akubali na kelele za pale nje ya pango.

Sasa nifike ninakokutaka, yaani Gahini. Wasomaji vijana wanaulizia uamsho kama kwamba haujawahi kufika kwetu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto uliowashwa Gahini ulifika Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Kilichowatambulisha watu wale kilikuwa kutembea nuruni: mtu alisimama katika ushirika akayataja makosa yake kwa majina yake, na vitu vya wizi vikarudishwa kwa wenyewe. Wamisionari waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwatuma, na hizo ni enzi za ukoloni. Hakuna aliyeshika maiki kwa niaba ya mwingine.

Najua kasoro za harakati ile. Ndugu walichunguzana mno, toba ikawa mashindano, na aliyekosa dhambi kubwa ya kuungama alionekana hajaokoka sawasawa. Makala ya mzee wetu kutoka Bukoba inaziorodhesha bila huruma, na ana haki, maana yeye alikulia ndani yake. Lakini mtazame pia gharama waliyolipa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya 20 wa uamsho ambao hawakukubali kunyamazia maovu waliyoyaona chuoni. Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu walikataa kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Watu hawa hawakuwa na dhana kwamba kweli itawafunika wasidhurike.

Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948. Mwaka 1977 akiwa askofu mkuu, baada ya askari kumpekua nyumbani usiku, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakilalamikia mauaji na uonevu. Barua ilikuwa ya heshima, yenye sahihi na tarehe. Siku chache baadaye, 16 Februari, aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kama kinga ni ya ngozi, basi mshipi wa Luwum ulikatika. Mimi nasema ulishika. Waliokuwa na redio, magereza na bunduki ndio waliolazimika kudanganya, yeye hakulazimika. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda, na ile habari ya ajali hakuna anayeisimulia ila kuicheka.

Msomaji makini atanishika hapa na kuniuliza: na Rwanda? Ni swali la haki, tena ndilo lililonikosesha usingizi kuliko barua zote. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994 watu walichinjwa ndani ya makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyarubuye. Hayo ni ya Kikatoliki, na Papa Francis aliomba msamaha mwaka 2017 kwa dhambi za kanisa lake. Lakini Waanglikana, ambao uamsho ulizaliwa mikononi mwao, nao walikuwa na viongozi waliokaa karibu mno na ikulu ya Rais Habyarimana. Kama kuungama ni kinga, mbona haikukinga?

Jibu langu si la kila mtu katika bodi yetu ya uhariri. Nadhani kweli ya uamsho ilifupishwa. Miaka ileile ya 1930 ambayo watu walikuwa wakilia toba Gahini, Wabelgiji walikuwa wakigawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Pombe iliungamwa, uzinzi uliungamwa, shuka iliyoibwa ilirudishwa. Kitambulisho kilibaki mfukoni. Wengi walikiona kuwa jambo la serikali, na la serikali si la kuletwa katika ushirika. Wako ndugu waliokataa kutengwa mwaka 1994, wakafa pamoja, na hao wanatosha kuonyesha kwamba mbegu haikuwa mbovu. Lakini kanisa linaloungama dhambi za chumbani tu, likaacha uongo wa ofisini na wa sensa, limejifunga upande mmoja. Nawaomba wanaoandaa semina za vita vya kiroho walizingatie hili kabla ya kununua tena lita za mafuta.

Baki ya toleo nitaipitia haraka. Waandishi wawili wanabishana kuhusu wakunga wa Kiebrania na Rahabu, kama inaruhusiwa kudanganya ili kuokoa uhai. Augustino alikataa kila uongo, hata huo. Bonhoeffer, akiandika ndani ya gereza la Wanazi, aliliona jambo kwa namna nyingine. Nasi tumegawanyika vivyo hivyo. Ni mjadala mzuri, ingawa nimegundua unapendwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuficha mkimbizi uvunguni, na unatumika vizuri sana kuahirisha habari za uongo mdogo wa kila Jumapili. Makala ya mtunza hazina wa usharika mmoja kuhusu namna sadaka inavyohesabiwa, na watu wangapi wawepo mfuko unapofunguliwa, ni fupi na imejaa majedwali. Isomeni kabla ya zote. Utenzi umekaa vizuri.

Makala ya mwisho imeandikwa na dada aliyenyamazishwa na wazee wa kanisa alipotaja aliyofanyiwa akiwa katika kwaya ya vijana. Ameomba jina lake lisitajwe, tumekubali, na jina la kanisa pia tumeliacha. Najua watakaosema kwamba toleo la kweli halipaswi kubeba makala isiyo na jina. Wamuulize kwanza aliyemwambia kwamba akisema atalichafua jina la Bwana.

Kuhusu barua nilizoanza nazo, uamuzi wa bodi ni huu. Safu ya ushuhuda itaendelea, kwa kuwa Mungu anaponya na sisi si gazeti la wasioamini. Ila kuanzia toleo lijalo, anayeleta ushuhuda wa kuponywa atuachie namba ya simu, na tutampigia baada ya miezi sita kabla hatujachapa. Akiwa mzima tutaandika. Ikiwa ugonjwa umemrudia, tutaandika hivyo hivyo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Wasiokubaliana na utaratibu huu watuandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Barua zao zitachapwa bila kukatwa, mradi ziwe na sahihi.