Kisanduku cha Sentimita Kumi

Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Walioirusha walikuwa Waitaliano. Sisi tulitoa bahari na jina.

Ikapita miaka 47. Tarehe 11 Mei 2018, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, chenye uzito wa kilo moja na ushei, kiliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, takriban kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Hiyo ndiyo 1KUNS-PF, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Wajapani walisaidia kuifikisha huko.

Wapo waliobeza. Mifereji haina maji, nanyi mnarusha visanduku angani? Swali hilo si la kipuuzi. Ila anayeuliza hivyo hudhani faida yote imo ndani ya kisanduku. Fundi wa redio akikosea, huifungua upya. Setilaiti ikishaondoka, hakuna atakayeifuata na bisibisi. Kwa hiyo wanaoiunda huitikisa kwanza kama itakavyotikiswa na roketi, huiweka mahali pasipo hewa, huipasha joto na kuipoza, kwani huko juu itaingia juani na kivulini karibu kila dakika 90. Waya mmoja ukilegea, kazi yote imekwisha. Kijana aliyezoea kufikiri hivyo, mpe pampu ya maji ya kijiji uone.

Mtahiniwa, huenda unayajua haya ninayoyasema sasa. Katika shule moja niliyofundisha, ufunguo wa maabara ulitoka kabatini wiki mbili kabla ya mtihani wa Fizikia. Wanafunzi walikariri kanuni ya Ohm bila kukosea, lakini voltimita waliishika kama yai. Chuo kikuu kikipata fedha za setilaiti nyingine, kitawapata wapi waundaji? Maabara zifunguliwe tangu kidato cha kwanza. Voltimita ikivunjika, inunuliwe nyingine.