Mtangazaji wa Mpira na Chupa Anayopewa



Siku ya Bwana, baada ya Misa, wengi wetu huelekea uwanjani au hutega sikio redioni. Ndivyo ilivyo Lubumbashi, ndivyo ilivyo Bukavu, Goma na Kisangani. Asiye na pesa ya tiketi huutazama mchezo kwa macho ya mtu mmoja, yaani mtangazaji. Huyo akisema mpira umevuka mstari, basi umevuka. Akisema mwamuzi ameonea, mtaa mzima huamini. Kwa sababu hiyo tunataka kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo: bia anayokunywa mwandishi wa habari za michezo akiwa kazini.

Msimamo wetu ni huu: mwandishi asinywe kileo mpaka kazi yake iishe, na chupa anayopewa bure aiogope kuliko ile anayoinunua kwa fedha yake.

Tuanze na mwili, kwani mwili haudanganyi. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye kileo cha asilimia 5, ina takriban gramu 28 za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa kwa kawaida gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala kahawa wala maji baridi hayaliharakishi. Mchezo huchukua dakika 90 na mapumziko ya dakika 15. Aliyemaliza chupa moja tu kabla ya filimbi ya kwanza ataisikia filimbi ya mwisho kileo kingali damuni mwake, na hapo ndipo anapotakiwa kuwahoji makocha na kutuma habari. Tena kileo hulegeza uamuzi na ulimi mapema, kabla miguu haijayumba. Mnywaji hujiona yu mzima, kumbe wasikilizaji wameshatambua.

Je, ulimi uliolegea una madhara gani? Tukumbuke tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, AS Vita Club ilipocheza na TP Mazembe. Vurugu zilizuka, mabomu ya machozi yakarushwa, umati ukakimbilia milango, na watu wapatao 15 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba watangazaji ndio waliosababisha msiba ule. Tunasema kwamba umati wa mpira katika nchi yetu unaweza kuwa kama nyasi za kiangazi. Mwenye kipaza sauti mbele ya nyasi hizo hana ruhusa ya kucheza na moto. Neno moja la hasira juu ya mwamuzi, au dharau moja juu ya kabila la mchezaji, haliwezi kurudishwa kinywani.

Lakini hatari ya mwili siyo kubwa kuliko zote. Tujiulize pia: chupa ile imelipwa na nani? Wote wanaofanya kazi ya habari nchini mwetu wanalijua neno «coupage», yaani fedha anayopewa mwandishi na yule anayeandikwa. Mara huja katika bahasha, mara huja kama bia mezani. Bahasha angalau huona haya, nayo hupitishwa chini ya meza. Bia huketi juu ya meza peupe, imevaa vazi la ukarimu, na anayeikataa huonekana hana adabu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Basi mwenye kuujaza mkono wake anajua anachokitafuta.

Baada ya kunywa bia ya kiongozi wa timu, ni nani atakayeandika kwamba wachezaji hawajalipwa? Ni nani atakayeuliza kuhusu kijana ambaye umri wake umepunguzwa kwenye karatasi, au kuhusu mapato ya mlangoni yasiyojulikana yamekwenda wapi? Azimio la Munich la mwaka 1971, linalotaja wajibu na haki za waandishi, linawakataza kuchanganya kazi yao na ile ya mtangazaji wa biashara. Chupa ya bure huanzisha mchanganyiko huo taratibu, bila mkataba wala sahihi.

Wengine watatuambia kwamba Yesu mwenyewe alikwenda Kana, na kwamba divai iko altareni. Ni kweli, na Kanisa halijawahi kusema kwamba kinywaji chenyewe ni dhambi. Katekisimu, katika namba 2290, inatutaka tuwe na fadhila ya kiasi. Hata hivyo Kana ilikuwa arusi, haikuwa baraza la hukumu. Katika sura ya 31 ya kitabu cha Methali, mama anamwonya mwanawe mfalme asipende kileo, asije akaisahau sheria na kuipotosha haki ya wanyonge. Mfalme alipaswa kuhukumu, na mwandishi anapaswa kushuhudia. Wote wawili wameshika haki ya mtu mwingine mikononi mwao.

Wengine watasema kwamba waandishi wengi hufanya kazi bila mshahara wa uhakika. Hilo nalo ni kweli, na ni dhuluma. Mwajiri anayemtuma kijana uwanjani bila nauli amekwisha kumkabidhi kwa mwenye bia. Lawama hiyo hatutaki kumtwika mwandishi peke yake.

Hata hivyo tunaye ndugu aliyetuonyesha kwamba kukataa kunawezekana. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Alishawishiwa kwa fedha ili aachilie vyakula vilivyoharibika vipite; alikataa, kwa kuwa vingewadhuru watu, na mwezi Julai 2007 akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025, huko Roma. Yeye alizuia chakula kibovu kisifike sahani za maskini. Habari iliyonunuliwa ni chakula kibovu pia, na wanaolishwa ni wengi.

Basi tufanye nini? Wale kati yenu mnaotangaza michezo katika redio za jimbo na za mtaa, au mnaoandika habari za mashindano ya vijana, amueni kabla ya kufika uwanjani. Mbele ya chupa iliyokwisha kufunguliwa, uamuzi huchelewa. Kataeni kwa upole, mkisema tu kwamba mko kazini. Nanyi viongozi wa vikundi mnaoandaa mashindano ya parokia, mlipeni mwandishi nauli yake mbele ya watu, kwa kiasi kinachojulikana, na mezani pake wekeni maji. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemwachia uhuru wa kuandika hata yale yasiyowapendeza ninyi.

Bwana atujalie mashahidi wenye macho mang'avu, na sisi wasikilizaji atujalie kuupenda ukweli hata timu yetu inaposhindwa.