Nyambizi ya Mezani na Majina ya Ngong Road

Juzi, baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, nilifuatana na mpwa wangu hadi kwake Kilimani. Rafiki yake alikuwa akimngojea, na hata chai haijamiminwa, wakaanza kubishana juu ya mchezo wa kompyuta uitwao Silent Hunter III. Mchezo huu ulitolewa mwaka 2005, na mchezaji huwa nahodha wa nyambizi ya Kijerumani katika Vita Vikuu vya Pili.

Unayo orodha ya mambo ya kuwasha na kuzima. Ukitaka, mafuta na betri huisha, hewa ya kupumua hupungua, topido nyingine hugonga meli zisilipuke, na ni juu yako kukadiria mwendo na umbali wa adui. Usipotaka, kompyuta hukufanyia. Kila ugumu uuwashao huongeza asilimia ya uhalisi. Mpwa wangu amefika mia, naye aringa kwelikweli. Mwenzake hufanya kazi mjini. Asema akishatoka kwenye msongamano wa magari hana tena kichwa cha kupigia hesabu.

Mimi nilikuwa upande wa mwenye mia. Nyambizi isiyoishiwa betri ni ngalawa ya mtoto kwenye beseni. Walakini hata yeye huiharakisha saa, hadi mara 1,024, kwani nani atakaa mezani wiki tatu akivuka Atlantiki?

Basi akazamisha meli. Nikatazama majini, sikuona mtu.

"Mabaharia wako wapi?"

"Hao hawamo, mjomba."

Jumapili niliwachukua wote wawili hadi Makaburi ya Vita, Ngong Road. Pale pana ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi lijulikanalo, wakiwamo waliokuwa katika meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini kwetu ikielekea Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi miongoni mwao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wamo na wauguzi wanawake.

Nyambizi ikajificha chini ya wale waliokuwa wakielea. Manowari za kusindikiza, Petard na Paladin, zingeiacha, ingeweza kurudia meli nyingine za msafara. Zikatupa mabomu yao pale pale, na wengine waliosalimika na topido wakauawa na watu wa upande wao wenyewe. Jambo hilo huzimwa kwa swichi gani?

Mpwa wangu alisoma majina kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Njiani akasema kwamba mchezo wenye watu majini hakuna atakayeununua.

Huenda. Basi na asiuite mia.